Watakatifu Watatu na Miche Minane

Nianze na kosa lililozaa mengine yote: nilipika mbegu za mama yangu.

Sikujua kuwa ni mbegu. Ilikuwa Oktoba, nami nilikuwa nimeamua kupanga upya kabati la jikoni kwa kufuata urefu wa makopo. Nyuma ya mchele nikakuta kopo la kahawa lenye maharage ya madoadoa kama mayai ya kware. Halikuwa na karatasi ya jina. Kitu kisicho na jina hunikosesha raha, kwa hiyo nikayaloweka, nikayapika kwa kitunguu na mafuta ya mawese, nikampakulia mama alipotoka kazini. Alikula vijiko vitatu. Cha nne kikasimama hewani.

"Maharagi hii umeitoa wapi?"

"Kwenye kopo la kahawa, nyuma ya mchele."

Akatafuna kilichokuwa mdomoni taratibu, akameza, akaweka kijiko chini.

"Bon," akasema. "Ilikuwa tamu siku zote."

Ndipo nikajua. Maharage yale yalitoka kwenye kilima cha dada yake, juu ya Bukavu. Dada yake amekufa, na kilima chenyewe siku hizi hakifikiki. Kila mwaka tangu tulipokuja Brussels mama alikuwa akiyapanda katika kishamba chetu, kwenye bustani ya pamoja kando ya reli, anavuna, tunakula kidogo, anaweka mbegu. Hatujui mtu mwingine yeyote anayeyapanda. Jioni ile mama aliingiza mkono katika mfuko wa koti lake la shamba, akatoa tiketi ya basi iliyokunjwa na punje tisa. Hizo tisa ndizo zilizobaki.

Nikaapa mbele yake kwamba mwaka ujao nitazipanda mimi, na nitafanya kila kitu bila kosa hata moja.

"Ufanye muzuri tu, itatosha," akasema.

Sehemu ya pili ya sentensi ile sikuisikia.

Kilimo sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa vitabu vya maktaba na kwa video za wazee wenye kucha zenye udongo. Nikanunua daftari, nikaandika kanuni, kisha nikanunua daftari la pili kwa sababu mwandiko wa la kwanza haukuwa sawa. Katikati ya Aprili nikaotesha punje zote tisa katika vibomba vya karatasi ya chooni vilivyojaa udongo, dirishani pa chumba changu. Nane zikaota. Ya tisa ilikataa. Niliifukua mara nne kuiuliza sababu, na nadhani hiyo ndiyo ikawa sababu.

Likabaki swali moja, ambalo lilikula usingizi wangu wote wa masika: miche itoke nje siku gani?

Kwa mama halikuwa swali. Kwao mtu anasubiri mvua, mvua ikija anapanda. Hapa mvua haimwambii mtu kitu, maana haiondoki. Kinachoua mche wa haragwe ni alfajiri moja ya baridi mwezi wa Mei, wakati watu wameshaanza kula aiskrimu barabarani. Miaka yote mama alilimaliza jambo hilo kwa wingi: anatupa mbegu nyingi mapema, zikifa anatupa nyingine. Safari hii hakukuwa na nyingine.

Aliyejua zaidi yetu alikuwa Padri. Ni mzee wa Kibelgiji aliyeishi Kivu zaidi ya nusu ya maisha yake, sasa amestaafu, na kishamba chake kinapakana na chetu. Kiswahili chake ni kile cha vitabu vya misa. Kila sentensi yake hutoka imepigwa pasi.

"Binti," aliniambia, "usithubutu kuitoa miche hiyo kabla Watakatifu wa Barafu hawajapita."

Mama alikuwa akipalilia vitunguu. "Batakatifu gani tena, mon père?"

"Ni watatu, mama. Sikukuu zao zafuatana katikati ya Mei. Wakulima wa hapa husema kwamba hao huirudisha baridi kwa mara ya mwisho. Wakiisha kupita, mtu hupanda bila hofu."

"Ba kwenu banagawa baridi?" Mama akanyoosha mgongo. "Ba kwetu banaombea batu."

"Hawaigawi. Wanapita nayo tu."

"Alors bapite kwa jirani."

Padri akacheka hadi akashika uzio. Mimi sikucheka. Nilikuwa nikiandika daftarini.

Mwisho wa Aprili jua likawaka kama limekosea nchi. Watu wa Brussels wakalala kwenye majani ya bustani bila shati, weupe kama shuka zilizoanikwa. Mama akatangaza: "Samedi tunapanda."

Simu yangu ilikuwa na programu nne za utabiri wa hali ya hewa. Tatu zilisema joto litaendelea. Moja ilisema baada ya siku kumi itashuka hadi nyuzi tatu. Niliiamini hiyo moja. Ndivyo nilivyo: anayesifu kazi yangu simwamini, anayesema ina kasoro namwamini kabla hajamaliza kusema.

Lakini kwetu mtu habishani na mama kuhusu udongo. Asubuhi ya Jumamosi akapigiwa simu kutoka nyumba ya wazee anakofanya kazi ya kuwahudumia, mwenzake ni mgonjwa. Akavaa viatu vyake vyeupe, akasema mlangoni, "Panda weye. Nikitoka nitapita kuona."

Nilikuwa na saa tano na roho dhaifu. Nikaenda soko la uwanjani karibu na mabwawa ya Ixelles, nikanunua kisanduku cha miche ya maharage. Muuzaji alinieleza wazi kwamba ni ya aina fupi, ile inayozaa maganda mabichi ya kijani, haipandi miti. Mimi, ninayesoma hadi maandishi ya chini kabisa kwenye chupa ya shampuu, nilijiambia kwamba jani la haragwe ni jani la haragwe. Nikapanda minane kwa kupima na rula, nikaisimikia miti minane mirefu, na ile ya kweli nikaificha kwenye beseni nyuma ya mlango wa chumba changu.

Mama akaja jioni, bado ana harufu ya sabuni ya hospitali. Akachuchumaa, akagusa shina la mche wa kwanza kwa kidole. Kisha akaanza kuuimbia wimbo ambao dada yake alikuwa akiimba akipanda. Akaimbia yote minane, mmoja baada ya mwingine.

Nilitamani ardhi ile niliyoipima kwa rula inimeze.

Mtu mwenye akili angekiri palepale. Mimi nilitengeneza ratiba. Jumatatu miche ya kweli ingekwenda nami kazini, maana ninafanya kazi ya mapokezi katika ofisi moja karibu na kituo cha Schuman, na ghorofa ya tatu kuna stoo ya karatasi yenye dirisha la kusini ambalo hakuna anayelitazama. Mchana ningeitoa kwenye roshani ya wavutaji sigara, saa moja siku ya kwanza, saa mbili ya pili, ili izoee upepo. Ijumaa ingerudi nami nyumbani, nyuma ya mlango.

Mlangoni pa ofisi kila mfuko lazima upite kwenye mashine ya kuangalia mizigo. Mlinzi ni kaka mmoja wa Goma, mpole, mwenye mabega ya kubeba jokofu; kwa Kifaransa huniita dada mdogo, nami humwita kaka mkubwa.

"Petite sœur, ni nini iko mu mufuko?"

"Maharage, grand frère."

"Ya kupika?"

"Ya kuota."

Akatazama kioo. Vishina vinane vilionekana vimepangana kama mbavu za samaki. Akakuna kidevu.

"Haina kisu, haina bunduki. Ipite." Kuanzia siku hiyo akawa anaisalimia kama wafanyakazi wenzake. "Ba collègues, mmelala?"

Huko bustanini uongo wangu ulistawi. Watakatifu walikaribia na baridi haikuja. Miche ya soko ilinenepa, ikatoa majani mapana, ikakaa palepale chini kama mtu aliyeshiba. Haikuitazama hata kidogo miti niliyoisimika. Mama alizunguka akiinama, mikono kiunoni.

"Maharagi ya kwetu haijakataa muti hata siku moja," akasema. "Hii iko na nini? Ni Ubelgiji imeifundisha uvivu?"

"Labda bado ni midogo, mama."

"Labda." Akatoa vipande vya kitenge mfukoni, akaifunga yote minane kwenye miti, kila mmoja na utepe wake, kama watoto wa komunyo ya kwanza. Ilikuwa na urefu wa kiganja. Padri alikuwa upande wa pili wa uzio na ndoo yake ya maji. Aliitazama miche, akanitazama, ndoo ikaanza kutetemeka.

Mama alipoondoka nikamfuata. "Padri, umejua?"

"Binti, nimelima maharage miaka hamsini."

"Utamwambia?"

"Mimi ni padri. Uongo sitasema." Akamwagia letasi zake kwa uangalifu mkubwa. "Lakini hakuna amri inayonilazimu kuongea."

Mtakatifu wa kwanza, wa pili na wa tatu wakapita, Jumatatu, Jumanne, Jumatano, kila mmoja na jua lake. Miche yangu stoo ilikuwa imerefuka, imepauka kwa kukosa nje ya kutosha, imeanza kuzunguka kamba ya pazia. Ilikuwa ikisema kwa kila namna kwamba siku imefika. Lakini utabiri ulisema usiku wa Alhamisi itashuka hadi nyuzi nne. Nikaamua: Jumamosi, basi. Jumatano jioni nikaimwagilia vijiko viwili viwili vya maji, kama kila siku, nikafunga mlango wa stoo, nikaenda nyumbani.

Alhamisi nilikuwa kanisani na mama, siku ya Kupaa kwa Bwana. Kwaya ya Wakongo ilikuwa imeimba kwa saa nzima na bado hatujafika kwenye mahubiri. Mama alikuwa mstari wa mbele kwa sauti ya pili, kitenge kipya. Mimi nilikuwa nikipiga makofi, nikifikiria kwamba kesho nitaipa maji kidogo zaidi.

Kesho.

Kesho ofisi ilikuwa imefungwa. Leo pia. Ijumaa tulipewa mapumziko ili kuunganisha sikukuu na wikendi, siku nne mfululizo, na tangazo lake lililobandikwa mlangoni nililichapa mimi mwenyewe, mara tatu, kwa sababu nafasi kati ya mistari haikunipendeza. Nilijua kwamba Alhamisi ni Kupaa. Nilijua kwamba ofisi itafungwa. Haikunijia kabisa kwamba mambo hayo yanayahusu maharage. Nilikuwa nimewahesabu watakatifu watatu bila kukosea hata mmoja, nikamsahau Bwana mwenyewe.

Stoo ile ni ya vioo, dirisha la kusini, halifunguki. Siku nne za jua, vijiko viwili vya maji. Nikasimama. Mama akanitazama kutoka kwenye kwaya huku akiendelea kuimba, nyusi zikiuliza. Nikamwashiria kwamba naenda chooni. Nikatoka nikikimbia na viatu vya kanisani.

Mtaa wa ofisi ulikuwa mtupu kama umehamwa. Nikagonga kioo mpaka mlinzi akajitokeza.

"Petite sœur, ni fête. Bureau imefunga mpaka lundi."

"Grand frère, maharage yako ndani."

"Ile ba collègues?"

"Yatakufa."

"Order ni order. Muntu haingii." Akaniangalia jasho, machozi, viatu, kilemba kilichopinda. "Ni ya nani ile maharagi, kweli? Juu muntu halii hivi juu ya kitu ya kununua."

Nikamweleza kwa kifupi: kilima, dada wa mama, kopo la kahawa. Kuhusu tepe za kitenge sikusema. Akasikiliza akitazama barabara.

"Muntu haingii," akarudia. "Mais miye niko ndani tayari."

Alikaa huko muda ambao niliuhesabu kwa sekunde. Akarudi amebeba kisanduku kwa mikono miwili, kifuani, kama keki ya harusi. Mitatu ilikuwa imelala. Mmoja kati ya hiyo ulikuwa umekatika kichwa, mtu alikuwa ameshusha pazia kwa nguvu. Mitano ilisimama, imesokotana hadi huwezi kujua huu unaanzia wapi na ule unaishia wapi.

"Ipeleke inje," akasema. "Hii inaingia kazi kuliko ba chef bote ba bureau."

Nikawa kando ya barabara na miche mitano, upepo umeanza kuwa na meno. Nyumbani sikuweza kwenda nayo mchana kweupe. Simu ilisema nyuzi nne. Nikaelekea bustanini kutafuta pa kuificha, nikitumaini kwamba misa ya Wakongo haijawahi kuwa na haraka.

Mama alikuwa hapo. Alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, na kitenge chake cha kwaya, mbele ya ile miche minane yenye tepe. Padri alisimama pembeni akichunguza mawingu.

"Choo iko mbali sana," mama akasema.

Sikuwa na pa kukificha kisanduku. Akakiona. Akasimama taratibu, akaja, akakunja jani moja, akatazama shina lake. Shina la maharage ya kwao lina wekundu kidogo upande mmoja. Mimi nilikuwa nimeliandika hilo daftarini na sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kulijua bila daftari.

"Iko hai," akasema, kwa sauti ambayo sikuizoea.

"Mama, nisamehe. Hiyo mingine ni ya soko."

"Ya soko, najua ni ya soko! Toka siku ya kwanza. Miye nisijue maharagi ya dada yangu?"

"Na ulikuwa unaiimbia!"

"Nilifikiri umeiua." Akakaa tena kwenye ndoo, kisanduku magotini. "Nikasema, mutoto ameua ile ya mwisho, anaogopa kusema, anakonda. Bon. Nikimuambia najua, atakufa naye. Acha niimbie hii ya soko, apumzike. Nimelia kwa kazi, mu vestiaire, kule tunabadilisha nguo, nikamaliza."

"Na zile tepe?"

"Ile ilikuwa ya kukusumbua."

Nikamgeukia Padri. "Na wewe ulijua?"

"Nilijua kwamba wewe unamficha mama," akasema, bado akitazama mawingu, "na kwamba mama anakuficha wewe. Katika maisha yangu sijawahi kubeba siri nzito kiasi hiki kwa ajili ya mboga."

Mama alikuwa tayari amechuchumaa, anachimba kwa vidole. Nikamwonyesha simu. Nyuzi nne, leo usiku. Jumamosi ni tisa. Tungeweza kusubiri Jumamosi.

"Na samedi telefone itasema nini?"

Nikafungua. Jumapili, mvua ya mawe, uwezekano mdogo.

"Unaona. Kila siku iko na ubaya yake." Akanyoosha mkono bila kugeuka. "Leta."

Nikampa mmoja mmoja. Hakuisokotoa kwa subira kama ambavyo ningefanya mimi. Aliitenganisha kama anavyotenganisha nywele za mtu anayemsuka, kwa nguvu ya kutosha kukutoa machozi. Mmoja ukalia kak na kuinama. Nikafumba macho. Akaupanda hivyohivyo. Padri akaleta chupa za maji za plastiki alizokata vitako, tukaifunika. Hazikuwa katika mstari. Nilinyoosha mkono kusogeza ya tatu, mama akanipiga kwenye kidole.

Asubuhi nilifika na mama kabla ya basi lake la kazini. Kulikuwa na baridi ya kuonekana mdomoni. Ule uliolia kak ulikuwa umelala. Minne ilisimama, majani yamekunja ngumi, lakini ya kijani. Mama aliinua chupa moja, akachungulia, akairudisha.

"Naenda kazi," akasema.

Mwezi wa Julai minne ile ilikuwa imevuka ncha za miti na kuanza kushika uzio wa Padri. Ile minane ya soko nayo ilizaa bila aibu, maganda ya kijani kila baada ya siku mbili, mengi kuliko tulivyoweza kumaliza. Mama huyadharau, huyaita maharage yaliyochumwa kabla hayajajua kitu. Hata hivyo aliyachemsha kila jioni, akaniwekea sahani imejaa, bila chumvi ya kutosha, akakaa mbele yangu.

"Kula uongo yako," alisema. "Yote."

Septemba tulivuna maganda makavu ya minne. Mama aliyapukuchua mezani, punje za madoadoa zikiruka hadi chini ya jiko, nami nikitambaa kuziokota moja moja. Akazigawa mafungu mawili kwa ubavu wa mkono, kwa kukadiria tu. Moja akalifunga katika kitambaa. Jingine akalisukuma upande wangu.

"Hii ni yako. Mwaka kesho utapanda weye, fasi yako, pahali yako mwenyewe. Siku utachagua weye. Usiniulize."

Nikamwomba anitunzie.

Akasema hapana, akaenda kuosha mikono.